REJETA ILIPOHAMA USONI MWA GARI
Kutoka viwanja vya mbio za Ulaya na njia za Safari hadi malori ya Tunduma: somo la maji, upepo na joto

Gari lililosimama kando ya njia, boneti imeinuliwa na mvuke unafuka, si jambo la kumshangaza mkazi yeyote wa Mkoa wa Songwe. Malori yaendayo Zambia na Kongo, yafikapo Tunduma, huwa yamekwisha kupanda mlima wa Kitonga na kuvuka nyanda za Iringa na Mbeya yakiwa na shehena nzito. Nayo magari yazungukayo katika Wilaya ya Songwe, iliko kata ya Mbangala, hupambana na jua kali, vumbi na majani marefu. Dereva hushuka, utingo hukimbilia dumu la maji, na abiria hutafuta kivuli. Wote hujua kwamba mkosaji ni rejeta, lakini ni wachache wajiulizao kwa nini chombo hicho kikawekwa pale kilipo, usoni mwa gari, mahali pa kwanza kupigwa na jiwe, na pa kwanza kuzibwa na matope.

Swali hilo si la kitoto. Wahandisi wa magari ya mashindano wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja. Wako walioihamisha rejeta wakatwaa ubingwa wa dunia, wako walioihamisha wakaaibika, na wako walioiondoa kabisa. Habari zao zina mafunzo kwa dereva, kwa fundi wa gereji na kwa kila familia ambayo mkate wake hutegemea magurudumu.

CHAI KATIKA SAHANI

Kwanza na tuelewe kazi ya rejeta. Mafuta yachomwapo ndani ya injini, takriban thuluthi moja tu ya nguvu zake ndiyo igeukayo kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya nguvu zilizobaki hutoka na moshi, na nyingine hubaki katika vyuma vya injini ikiwa joto tupu. Joto hilo lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza utelezi wake, pistoni huvimba na kung'ang'ania, na injini hufa. Basi maji huzungushwa ndani ya injini yakalibeba joto, kisha hupitishwa katika vijibomba vyembamba vya rejeta, ambako upepo huyapoza kabla hayajarudi kuanza safari upya.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kwenda chuo cha ufundi. Mtu mwenye haraka humimina chai yake katika sahani, kwa sababu kitu kilichotandazwa hupoa upesi kuliko kilichorundikana. Mama ampozeaye mtoto uji huueneza katika bakuli pana kisha akaupepea. Rejeta haifanyi zaidi ya hayo: huyatandaza maji kwa kuyagawa katika vijia vingi, na huyapepea kwa upepo wa mwendo au wa feni.

Kwa kuwa upepo wa mwendo hulikuta gari kwa mbele, akili ya kawaida iliiweka rejeta mbele. Lakini kila faida ina gharama yake. Upepo upenyao katika rejeta hulivuta gari nyuma, na ukinzani wa upepo huongezeka kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidishwa mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Kwa lori lipandalo Kitonga kwa gia ya kwanza, hilo si kitu. Kwa gari la mashindano likimbialo kilometa 300 kwa saa, uso mpana wa rejeta ni kama kukimbia huku umeshika mwavuli uliofunguliwa.

MWANZO WA MAMBO

Mtu asidhani kwamba kuihamisha rejeta ni jambo la juzi. Mwaka 1906, katika mashindano makuu ya kwanza ya Ufaransa yaliyofanyika Le Mans, mshindi alikuwa Ferenc Szisz, mzaliwa wa Hungaria, akiendesha gari la Renault. Katika gari hilo injini ilitangulia na rejeta ikafuata nyuma yake, karibu na miguu ya dereva. Magari ya kawaida ya Renault nayo yaliendelea na mtindo huo kwa miaka mingi baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 yakaja mageuzi makubwa. Kampuni ndogo ya Kiingereza iitwayo Cooper iliitoa injini mbele ya dereva na kuiweka nyuma ya mgongo wake. Stirling Moss alishinda kwa gari la namna hiyo nchini Ajentina mwaka 1958, na Jack Brabham wa Australia akawa bingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960. Injini ilihama, lakini rejeta ikabaki puani. Hivyo mabomba ya maji ya moto yakalazimika kupita ubavuni mwa dereva, kwenda na kurudi. Dereva akawa kama mtu aliyeketi jikoni kati ya mafiga mawili, kwa muda wa saa mbili.

MBAVUNI MWA LOTUS

Mwaka 1970 Colin Chapman na mhandisi wake Maurice Philippe walileta gari la Lotus namba 72. Badala ya rejeta moja puani, waliweka mbili, moja kila upande, kando ya dereva na karibu na injini. Pua ya gari sasa ikawa nyembamba na bapa kama kabari, ikikata upepo na kuikandamiza sehemu ya mbele ardhini. Mabomba yakafupika. Uzito ukasogea nyuma, ambako magurudumu yasukumayo gari hutaka kukandamizwa. Na dereva akapata nafuu ya joto. Kwa hatua moja, shida nne zikapunguzwa.

Jochen Rindt wa Austria aliliendesha gari hilo na kushinda mfululizo Uholanzi, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani mwaka huo huo. Kwa huzuni kubwa, alipoteza maisha katika mazoezi huko Monza, Italia, mwezi wa Septemba 1970, akatangazwa bingwa wa dunia akiwa amekwisha zikwa. Mwaka 1972 Emerson Fittipaldi wa Brazili alitwaa ubingwa kwa gari hilo hilo. Tangu hapo rejeta za ubavuni zikawa desturi ya magari ya mbio hizo, na hata leo ndivyo yalivyo.

Msomaji wa mjini hana haja ya kwenda Monza kuona ubunifu wa namna hiyo. Mabasi ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana injini nyuma. Basi la namna hiyo likiwekewa rejeta usoni, maji yangesafiri urefu wote wa basi kwenda kupoa. Kwa hiyo katika mabasi ya injini ya nyuma rejeta huwekwa nyuma kule kule, na feni kubwa hufanya kazi ambayo upepo wa mwendo haufiki kuifanya.

MWAFRIKA ALIYETHUBUTU

Katika wote waliocheza na rejeta, hakuna aliyethubutu kama Gordon Murray, aliyezaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946, akahamia Uingereza akiwa kijana na kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Brabham. Kwa msimu wa 1978 alibuni gari aina ya BT46. Injini yake, iliyotengenezwa na Alfa Romeo, ilikuwa na silinda 12, yenye nguvu nyingi lakini nzito, yenye kunywa mafuta mno na yenye joto jingi.

Murray aliamua kuziondoa rejeta za kawaida kabisa. Mahali pake alibandika mabamba bapa juu ya mwili wa gari, maji na mafuta yakipita chini yake, ili upepo uyapoze ukiteleza tu juu ya ngozi ya gari. Fikra hiyo haikuwa ndoto tupu. Ndege za Kiingereza zilizoshindania Kombe la Schneider mwaka 1931 zilipozwa kwa ngozi ya mabawa na ya mwili wake. Lakini ndege huwa na eneo kubwa la kutandazia joto, na hukata hewa kwa mwendo mkubwa mno. Gari ni dogo, na kila kona hulilazimisha kupunguza mwendo. Katika majaribio joto likapanda kupita kiasi. Ikabidi mabamba yabanduliwe na rejeta za kawaida zirudishwe mbele, kabla gari halijaingia katika shindano hata moja.

Mwingine angekata tamaa. Murray akarudi mezani. Mwezi wa Juni 1978, katika mashindano ya Sweden uwanjani Anderstorp, Brabham ilifika na gari lenye feni kubwa mkiani. Rejeta ilikuwa imelazwa chali juu ya injini, na feni ikizungushwa na injini yenyewe ilivuta hewa kupitia humo. Ila feni hiyo ilivuta pia hewa ya chini ya gari, ikalinyonya gari ardhini kama mdomo ung'ang'aniavyo embe. Gari likapita kwenye kona kwa mwendo ambao wengine hawakuweza kuufikia. Liliposimama, mafundi waliifunika feni kwa kifuniko cha pipa la taka, wapinzani wasiichunguze.

Niki Lauda alishinda kwa zaidi ya nusu dakika. Kelele zikazuka: sheria ilikataza kifaa chenye kutembea kilichokusudiwa kulikandamiza gari kwa nguvu ya upepo. Brabham wakajibu kwamba kazi kuu ya feni ni kupoza, na kukandamiza ni ziada tu. Ushindi haukufutwa, lakini gari liliondolewa na halikushindana tena kwa umbo hilo. Huenda hakuna siku nyingine ambapo mabishano juu ya rejeta yaliutikisa mchezo mzima namna ile.

PASIPO REJETA KABISA

Wako pia waliosema: kwa nini tuwe na rejeta hata kidogo? Mwingereza John Cobb, aliyevunja rekodi ya mwendo wa ardhini kwenye jangwa la chumvi la Utah, Marekani, alitumia gari lililoitwa Railton. Ili asiruhusu upepo kuingia popote, alibeba tangi la barafu, nayo ndiyo iliyopoza injini zake mbili. Mwaka 1947 alifikisha wastani wa zaidi ya kilometa 630 kwa saa. Barafu ilitosha kwa sababu mbio zake zilikuwa za dakika chache tu.

Lakini ushahidi wa karibu zaidi nasi uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1954, na tena 1957 na 1962, gari lililoshinda lilikuwa Volkswagen dogo lenye mgongo wa kobe, injini iko nyuma, na rejeta halina. Injini ile ilipozwa kwa feni iliyosukuma hewa juu ya silinda zenye mapezi ya chuma. Hapakuwa na maji ya kuchemka, bomba la mpira la kupasuka, wala rejeta ya kutobolewa na jiwe. Kijana wa bodaboda autazamapo ubavu wa injini ya pikipiki yake na kuona mapezi yale yale, na ajue kwamba anaendesha jamaa wa bingwa wa Safari.

Hata hivyo hewa ina mipaka yake. Joto likizidi, maji hulibeba upesi zaidi. Porsche 911, nalo lenye injini ya nyuma isiyopozwa kwa maji, lilishika nafasi ya pili katika Safari mwaka 1972, 1974 na 1978, lakini ushindi wenyewe halikuupata katika miaka hiyo.

HUKUMU YA MATOPE

Safari ilikuwa hakimu asiyependelea mtu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, naye kwa Peugeot 404.

Rejeta ya Peugeot 404 ilikuwa wapi? Usoni, mahali pale pale pa kawaida. Jambo la pekee lilikuwa feni yake, iliyoweza kujitenga na injini na kupumzika maji yakiwa bado hayajapata moto, kisha ikashika kazi yalipohitaji kupozwa. Mhandisi hakuhamisha kitu. Alikifanya kilichopo kitumike kwa busara.

Katika miaka ya 1980 magari ya ajabu yaliingia katika mbio za njia za vumbi. Audi, ambao injini yao ilining'inia mbele ya magurudumu, walizihamishia rejeta nyuma ya gari mwaka 1985 ili kusawazisha uzito. Peugeot walileta gari dogo aina ya 205 lenye injini katikati, likatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986. Lakini Safari ya 1984, 1985 na 1986 ilichukuliwa mfululizo na Toyota Celica, gari lenye injini mbele likisukumwa na magurudumu ya nyuma, kama magari mengi ya wakati huo. Penye mawe, mito na usingizi wa siku kadhaa, kifaa kilicho rahisi kufikiwa na kutengenezwa kiliwashinda waliosifika kwa ubunifu.

Je, ina maana kwamba ubunifu ni bure? Hata kidogo. Magari ya mbio za majangwani siku hizi mara nyingi huwekwa rejeta nyuma ya dereva, juu, mbali na mawe na matope, na feni huzisaidia. Somo ni kwamba hakuna mahali pamoja palipo bora kwa kila gari. Pa Anderstorp si pa Utah, na pa Utah si pa njia ya Songwe. Mhandisi mzuri huanza kwa kuiuliza ardhi atakayopita, ndipo achore.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tuyalete mafunzo haya barabarani kwetu, maana hapa mashindano ni ya riziki na ya uhai.

La kwanza ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukidhani ni kizibo tu. La, ni mlinzi wa shinikizo. Kikiwa kizima, maji hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Na kwetu nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi. Tunduma iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka huko yakiwa karibu na nyuzi 95 tu. Ndiyo sababu maharage ya mama wa Mbeya hukawia jikoni kuliko ya nduguye wa Dar es Salaam. Lori lenye kifuniko kibovu litakalovumilia pwani, litachemka Mbeya.

La pili linahusu uhai. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, shinikizo hutoweka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke kwa mara moja na kuruka usoni. Utingo mwenye pupa hupoteza macho au ngozi ya kifua kwa kosa la sekunde moja. Injini izimwe, wasubiri ipoe, wala kitambaa mkononi kisiwe kisingizio cha haraka. Wazazi nao wawaonye watoto wao, kwani gari lililosimama likitoa mvuke huwavuta watoto kama ngoma.

La tatu: usiimwagie maji baridi injini iliyochemka, wala usiyajaze ndani kwa ghafla. Chuma cha moto kikikutana na baridi hupasuka, na kichwa cha injini kilichopasuka ni mshahara wa miezi mingi.

La nne: iache rejeta ivute pumzi. Wapitao katika majani marefu, kama ya njia za Mbangala na jirani zake, hukusanya mbegu na wadudu katika matundu ya rejeta mpaka yakaziba kama kitambaa. Zisafishwe kwa maji au kwa upepo kutoka nyuma kwenda mbele, kwa upole, maana mapezi yake hukunjika upesi. Taa za ziada na mapambo yapangwayo mbele ya rejeta hupendeza macho ya watu, lakini huikaba injini koo.

La tano: baadhi ya mafundi huing'oa tharmostati wakisema nchi yetu ni ya joto na haina haja nayo. Kumbe chombo hicho kidogo huisaidia injini kupata moto wake ufaao upesi na kuutunza. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta na kujisaga. Bora kununua mpya kuliko kuacha tundu tupu.

Gordon Murray alishindwa na mabamba yake, akarudi mezani, akaja na feni iliyoushangaza ulimwengu. Peugeot hawakuhamisha lolote, wakashinda kwa kutunza na kurekebisha. Njia zote mbili ni za heshima, na zote huanza kwa kulielewa joto: linatoka wapi, na litakwenda wapi. Fundi wa gereji ya Tunduma aulizapo swali hilo kabla ya kushika spana, amekwisha kuingia katika kundi moja na wahandisi hao. Nao madereva wetu, wafikapo penye mlima, na wasione haya kusimama na kuipumzisha injini. Mwenda pole hajikwai, na nyumbani anangojwa yeye kabla ya shehena.